Pazia Lenye Mikono

Kibao kilichobandikwa kwenye ukuta wa hoteli kule Diani kilisema aliyelishona lile pazia ni "bibi mpole wa Msambweni, mwenye moyo laini kama kitambaa chake." Nilikisoma nikiwa nimekumbatia mashuka ya ghorofa ya pili, nikatamani kukibandua kwa kucha. Mpole nani? Mwanamke yule alimfukuza mteja na kanzu ya mkono mmoja, mwingine haujashonwa bado, kwa sababu tu alimkaripia mkewe mbele ya cherehani. Bwana yule alikwenda msikitini Ijumaa na kanzu ya kuazima, na mtaa mzima ukajua kwa nini.

Nimemjua Fundi zaidi ya miaka ishirini. Jina analo, lakini sitalitaja, maana hata yeye ukimwita kwalo haitiki. Imamu alimwita Fundi, wauguzi waliopita kwake kupunguza sare zao walimwita Fundi, na wajukuu zake walimwita Bibi Fundi. Naandika habari zake kwa sababu nimechoka kusikia akisifiwa na watu ambao hawakuwahi kutukanwa naye.

Mafundi wengine wa nguo unawajua. Unapeleka kitambaa, unaambiwa njoo Alhamisi. Alhamisi unaambiwa stima ilipotea, na siku ya harusi unakikuta kitambaa chako vilevile ulivyokiacha. Kwake hakukuwa na njoo kesho. Kama huna nafasi ya kukaa, huna nguo ya kushonewa. Ulipeleka leso zako, mbili zimeungana kama zinavyotoka dukani, azikate na kuzipinda. Yeye alikukalisha kwenye kigoda mbele yake, akakupa ncha ya kitambaa.

"Shika," alisema. "Vuta. Usilegeze."

Basi mnakaa hivyo, wewe ncha hii, yeye ncha ile, cherehani katikati, mpaka pindo liishe. Siku moja karibu na Idi nilikuwa nimeshika ncha yangu kimya kabisa, mara akasimamisha mguu.

"Mkono wako wa kulia unavuta kuliko wa kushoto. Nani kakuudhi?"

Nilikuwa nimegombana na msimamizi wangu kazini asubuhi ile. Sikumwambia mtu.

"Nimekuja kupindiwa leso, Fundi, sikuja kuchunguliwa."

"Basi nenda ukagombane naye vizuri, usije kuniharibia pindo."

Ndivyo alivyokuwa. Alikugusa mahali panapouma, kisha akakulaumu kwa kupiga kelele. Dukani alifumba macho akapapasa majora ya vitambaa moja moja, mwenye duka mgeni akadhani anaomba dua. Rangi hakuzijali. "Rangi ni ya kuwaonyesha watu," alisema, "kitambaa ni cha ngozi yako." Kidole gumba chake kilikuwa kigumu kwa sindano, kucha yake imepasuka katikati, lakini kwa kidole hicho hicho alijua kama leso imefuliwa mara tatu au mara thelathini. Nilimjaribu mara moja kwa leso mbili za jina moja na rangi moja. Alizitenga, akanirushia ile iliyochakaa usoni.

Pazia lenyewe lilining'inia kwenye mlango wa kati wa nyumba yake, baina ya chumba cha kushonea na chumba cha ndani. Alilishona kwa vipande vya leso kuukuu walizomletea wenyewe: za wazazi, za wachumba walioachana, ya mtoto aliyehama na hakurudi. Kimo cha kifua alikuwa ametia mikono minne ya kitambaa, kama ya kanzu lakini imefungwa ncha. Miwili ilitokeza upande huu na miwili upande ule. Ukiingiza mkono wako ndani ya mmoja, unatokeza ng'ambo ukiwa umevikwa, na mtu aliyekaa ng'ambo anaushika. Humwoni, hakuoni. Ndani ya mikono ile alitandika sufi kidogo, ile pamba ya msufi tunayojazia mito, kiasi cha kuufanya mkono uwe na joto bila kuuficha.

Waliokaa pale ni watu wasiosemezana. Macho ndiyo yanayogombana, alisema Fundi. Ukiuona uso wa adui yako unakumbuka kila kitu, ukishika mkono wake unakumbuka kwamba ana mifupa. Kanuni yake ilikuwa moja: hakuna kusema mpaka mikono ipate joto. Watu wawili walipoanza kusema, yeye aliikanyaga cherehani kwa nguvu, hata kama haina uzi, ili kelele zake ziwafunike na asisikie neno. Mara nyingi nilimkuta akishona hewa, uso umekunjamana, na nyuma ya pazia mtu analia.

Ustadhi wa chuo cha Kurani cha jirani alikuja kulikataza. Nilikuwapo, nimeshika ncha ya pazia la mtu mwingine.

"Fundi, nasikia hapa wanaume na wanawake wanashikana mikono."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Na watu hao walikwambia kwamba wanawake huja siku zao, na wanaume siku yao ni Jumatatu?"

Ustadhi akatazama chini. "Hawakuniambia."

"Basi rudi ukawape darasa hao kwanza. Na koti lako limefumuka kwapani. Vua."

Alilivua. Alikaa kwenye kigoda akashika alipoambiwa ashike, na tangu siku hiyo hakulitaja tena pazia ila kwa kuwaelekeza watu.

Kuna ndugu wawili wa Mkwiro, kule kisiwani Wasini, ambao walitupiana maneno juu ya malema ya kutegea samaki yaliyovunjwa, wakakaa miaka hawasalimiani katika kijiji ambacho huwezi kwenda kisimani bila kukutana na mwenzako. Mdogo wao aliisimulia mwenyewe baadaye pale sokoni. Anasema aliushika mkono wa kaka yake, akaupapasa, akakuta kidole kimoja hakina ncha. Akauliza kimekuwaje. Kaka yake akamjibu kwamba kilikatwa na kamba ya nanga, siku aliyokwenda baharini bila mtu wa kumsaidia. Mdogo alikuwa hajui. Walitoka pale wakaenda kula, na Fundi akawafokea kwa kuacha mchanga sakafuni.

Lakini mwanamke huyo huyo, aliyewapatanisha nusu ya watu wa Msambweni, alikuwa hasemi na mama wa mahamri aliye mlango wa pili. Sababu nimeisikia ya aina tano, na hakuna hata moja inayotosha. Kila asubuhi alimtuma mtu amnunulie mahamri ya mama yule yule, kwa kuwa hakukuwa na mazuri kuliko hayo, na akila husema yamezidi iliki. Nilimwuliza kwa nini wao wawili wasikae kwenye pazia. Aliniambia pazia lake si la kuchezea. Mganga hajigangi, nikasema. Akanirushia chaki ya kupimia.

Sasa nifike kwenye hasira yangu mimi, maana ndiyo iliyoniharibia.

Mama yangu alifariki asubuhi, nyumbani kwake Msambweni, nikiwa zamu ya londri hotelini Diani. Pale kazini simu tunaziacha getini kwenye sanduku, kila mtu na kijisehemu chake. Nilifua na kupiga pasi siku nzima. Nilipotoka alasiri nikakuta dada yangu amenipigia mara kumi na moja. Nilipofika nyumbani kwake, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakikung'uta michanga kwenye viatu. Mama alikuwa ameshaoshwa, ameshakafiniwa, ameshazikwa. Mimi ninayeosha vitu vya watu nisiowajua kila siku ya Mungu, mama yangu mwenyewe sikumwosha.

Dada alisimama mlangoni na macho mekundu. "Tulikupigia, hukushika. Maiti hangojwi."

Nikamwambia mbele ya watu kwamba hakutaka niwepo. Nikamwambia mengine pia, ambayo siwezi kuyaandika. Kila mtu alinieleza kwamba dini inahimiza kuharakisha maziko, na mimi najua hivyo, nimesoma chuo kama wao. Kujua hakunisaidia kitu. Kutoka Diani mpaka Msambweni si safari ya Makka. Mtu mmoja angeweza kuja mpaka getini akanitoa. Nimelisema jambo hilo mara elfu ndani ya kichwa changu, na kila mara nashinda kesi, na sikuwa nimesemezana na dada kwa miaka miwili.

Fundi aliniita nije nikae kwenye pazia mara tatu. Mara ya kwanza nikasema nina kazi. Mara ya pili nikamwambia hilo pazia ni mchezo wa watoto. Mara ya tatu hakuniomba, alikuwa amenipa ncha ya shuka nishike, akasema bila kuniangalia, "Hasira yako umeilea vizuri. Imenenepa." Niliiachia ncha, pindo likaenda upande, nikatoka.

Mwaka ule ule hoteli ikaamua kufanya maonyesho ya kazi za mikono za pwani, na msichana mmoja kutoka Nairobi akaajiriwa kuyatayarisha. Mtu alimwambia kuhusu pazia. Alinitafuta londri, akaniomba nimpeleke.

"Hii kitu ni noma, mathe," alimwambia Fundi, akiingiza mikono yote miwili kwa pamoja na kucheka. "Watu lazima waione."

"Waione au waishike?"

"Zote mbili, bana!"

Fundi alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Alisema pazia linaweza kwenda mwezi mmoja, kwa sharti kwamba lishikwe, na kwamba nilichukue mimi kwa mkono wangu. Nilishangaa jinsi alivyokubali upesi. Nilidhani umri umeanza kumlegeza.

Nililileta nyumbani kwangu Ukunda, nikalitandaza kitandani, nikaona aibu. Lilikuwa na madoa ya mafuta ya nazi, ya jasho, ya hina, na kwenye mikono kitambaa kilikuwa kimekuwa cheusi kwa kushikwa. Lilinuka watu. Nasi tumelelewa kwamba kitu hakitoki kwenda kwa wageni hivi hivi. Hata mkeka unaokwenda kwa jirani unapanguswa kwanza. Sikuwaza mara mbili. Nililipeleka londri mapema kabla ya zamu, nikalitia dawa ya madoa, nikalifua kwenye mashine kubwa kwa maji moto, nikalitia wanga, nikalipiga pasi, kisha nikalifukiza udi. Miaka kumi na minne ninafanya kazi hiyo. Lilitoka jeupejeupe, limenyooka. Nilijivunia.

Sufi haitaki mashine, na mimi nalijua hilo. Mito ya sufi nimeitoa kwenye mashine mara ngapi. Ilijikusanya mabonge ndani ya mikono ikakauka. Ukiingiza mkono unafika kwenye kiganja, unakwama. Msichana wa maonyesho alijaribu, akauchomoa, akasema haidhuru, linapendeza hivyo hivyo kwa macho. Wakalitundika kwenye ukumbi wa wageni chini ya taa. Wakaweka kamba mbele yake, na kile kibao cha uongo, na chini yake kibao kingine: Tafadhali usiguse.

Nilipita mbele ya maandishi hayo kila siku na mashuka yangu, nikawachukia wote. Nilimchukia msichana, nikamchukia meneja, nikawachukia wageni waliopiga picha wakiwa wameligeuzia pazia mgongo. Ilikuwa rahisi kuwachukia wao.

Fundi alikuja wiki ya pili, amevaa buibui lake la sikukuu. Mlinzi wa geti kubwa alimwuliza anamtafuta nani, ikabidi nimpitishe mlango wa wafanyakazi, kando ya mapipa. Nakasirika mpaka leo nikikumbuka hayo mapipa. Alisimama mbele ya pazia lake. Mlinzi wa ukumbini akamwambia kwa adabu, "Mama, tafadhali usiguse." Fundi akanyoosha mkono juu ya kamba, akalifinya kwa gumba na kidole, mara moja tu.

"Nani amelifua?"

Mlinzi alitutazama kwa zamu. Fundi alijifunga mtandio wake sawasawa, akatoka kwa mlango ule ule wa mapipa, na kwenye gari la kurudi Msambweni hakukubali nimlipie nauli.

Maonyesho yalipokwisha nilimpelekea pazia. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nilibisha hodi, nikaitikiwa karibu ya mkato. Alikuwa sakafuni, amenyoosha miguu, miwani puani, mkasi mdogo wa kufumulia mkononi. Mlango wa kati ulikuwa wazi, ungeona mpaka uani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kaa. Shika."

Nilidhani nitasamehewa. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Ukunda. Nilishika ncha ya pazia nikavuta, naye akaanza kulifumua, mshono kwa mshono, akiweka kila kipande kando na kusema ni cha nani kirudi kwa nani. Hiki cha mama fulani. Hiki cha yule aliyehama. Hakuwa na haraka.

"Fundi, mimi ndiye niliyelifua."

"Najua. Vuta."

"Waliniudhi wale watu. Walilifunga kamba."

"Kamba hukatwa. Wewe ulilipeleka limekufa." Alikata uzi. "Unajua kwa nini nilikupa? Nilijua litakaa kwako japo siku moja. Nikasema, akiwa peke yake, hakuna wa kumwona, ataingiza mkono. Badala yake ukaingiza dawa ya madoa."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia kwamba yeye hakufiwa na mama bila kumwona, kwamba kila mtu ananisukuma nisamehe wakati hakuna aliyeniomba msamaha, na kwamba yeye mwenyewe hasemi na mama wa mahamri. Aliniacha nimalize. Kisha akauchukua mkono mmoja wa pazia, akaufumua, akaugeuza ndani nje, akanirushia mapajani.

Bitana ya ndani ilikuwa leso nyingine. Imepauka kwa dawa yangu, lakini kwenye mshono, pale maji yalipokosa kupenya vizuri, rangi ilikuwa ingalipo: buluu, na ukingo wa korosho za manjano. Mama aliivaa leso hiyo kupika, kulala, kuugua. Nilikuwa nimeitafuta kwenye masanduku yake wiki nzima ya matanga, na nikamshuku dada kwamba ameificha.

"Aliileta mwenyewe," akasema Fundi. "Pindo hilo ni lake, mimi nilimshikia tu. Alitaka iwe ndani, asiione mtu wa nje. Alisema wanawe wana hasira za baba yao, wataihitaji."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuita mara tatu. Ungeingiza mkono ungeijua."

Nikaipapasa, na ilikuwa ngumu kwa wanga.

"Dada yako alikuwa akija kila Ijumaa," akaendelea, akirudi kwenye mshono wake. "Anauingiza mkono ndani ya huo, anakaa. Hakuna mtu upande wa pili. Ijumaa nne sasa anakuja anakuta mlango mtupu. Sijamwambia liko wapi. Hilo ni lako kumwambia."

Namba ya dada nilikuwa nimeifuta kwenye simu. Niliibonyeza kwa kuikumbuka. Alipokea, akasema haloo.

"Nimeifua leso ya mama," nikasema. "Ile ya pazia. Kwenye mashine, kwa dawa. Sikujua."

Dada yangu akalipuka. Aliniita mshenzi. Aliniita mwenye kiburi, akasema alimtuma shemeji siku ile mpaka getini Diani na pikipiki, walinzi wakamwambia wafanyakazi hawatolewi zamu bila barua, na kwamba kama ningempa nafasi ya kufungua kinywa ningelijua hilo miaka miwili iliyopita. Akasema harufu ya mama ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani. Mimi nikamjibu kwa sauti kubwa kuliko yake kwamba ningelijuaje, na kwamba alipaswa kunisubiri, na kwamba nilitaka kumwosha mama yangu. Tulipiga kelele sote wawili kwa pamoja, kila mmoja akilia, mpaka salio langu likaisha katikati ya tusi lake.

Nilibaki nimeshika simu iliyokufa. Fundi hakuinua macho. Aliisukuma simu yake sakafuni mpaka ikagonga goti langu, akaendelea kufumua, nami nikazibonyeza zile namba kumi bila kukosea hata moja.